Mpunjabi si jina la dini

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, pale Makindu kuna hekalu la Masikhi ambalo wasafiri kibao wanalijua hata kama hawajui dini yenyewe inaitwaje. Unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati na dengu na chai, na hakuna anayekuuliza pesa wala dini yako. Lilijengwa 1926 na watu wa reli. Nimekula pale mara nyingi, na mara ya mwisho kijana mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Mwalimu, kwani Wapunjabi wote si ndo Makalasinga?" Nikamjibu harakaharaka maana dereva alishaanza kupiga honi, ila swali limebaki kichwani. Nimefundisha historia ya dini za Bara Hindi miaka mingi na hili ndo naulizwa kuliko yote, kwa hiyo leo nalijibu kwa kituo.

Jibu fupi ni hapana: Makalasinga ni Masikhi, na si kila Mpunjabi ni Msikhi. Wapunjabi ni watu wa Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Pakistan na India, na wengi wao duniani ni Waislamu. Punjab ya Pakistan peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 120 kwenye sensa ya 2023 na karibu wote ni Waislamu. Punjab ya India sensa ya 2011 ilikuta watu kama milioni 27, na hapo ndo Masikhi ni wengi, kama 58 katika kila 100, wanaobaki wengi wao ni Wahindu. Alafu kuna Wapunjabi Wakristo, pande zote mbili, nitawafikia.

Sisi huku kilichotupoteza ni kilemba. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 hadi 1901 waliletwa vibarua na mafundi kama elfu 32 kutoka Bara Hindi, wengi wa Punjab, na kati yao walikuwemo Waislamu, Masikhi na Wahindu. Mwislamu wa Punjab akishaswali msikitini na wenzake wa hapa nani atamkumbuka kwa asili yake? Mwenye kilemba na ndevu ndo alibaki machoni, tukampa jina, Kalasinga, wengine wakasema Singasinga, na jina hilo likameza Punjab nzima. Angalau Kiswahili chetu kina Mhindi na Mhindu, herufi moja tu inatenganisha mtu wa nchi na mtu wa dini, hiyo herufi tuitunze maana inasaidia sana kuelewa haya yanayofuata.

Punjab ni Kifarsi, maji matano, yaani mito mitano: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Kwa hiyo jina lenyewe ni la ardhi. Na anayeonekana kuwa mshairi wa kwanza mkubwa wa Kipunjabi tunayemjua ni sufi Mwislamu, Baba Farid, wa karne ya 13, kaburi lake liko Pakpattan. Alikuwa msomi, angeweza kutunga kwa Kifarsi au Kiarabu watu wakamheshimu, ila beti zilizobaki kwa jina lake ni za lugha ya wakulima na wafumaji. Sasa sikia hii: zaidi ya miaka 300 baadaye, 1604, Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Masikhi, anakusanya kitabu kitakatifu cha watu wake, na ndani anaziweka beti za Farid pamoja na za Kabir mfumaji na Ravidas mtengeneza ngozi. Mpaka leo kila gurudwara, yaani hekalu la Masikhi, popote duniani, Makindu ikiwemo, kile kitabu wanachokiinamia kina maneno ya shehe wa Kiislamu. Nimelisoma hili nikiwa mwanafunzi na bado linanisimamisha.

Guru Nanak mwenyewe alizaliwa 1469, familia ya Kihindu, kijiji ambacho leo kinaitwa Nankana Sahib na kiko Pakistan. Mwenzake wa safari zote alikuwa Mardana, Mwislamu, mpiga rababu: Nanak anaimba, Mardana anapiga. Akafundisha Mungu mmoja, kazi ya mikono, na kula pamoja, wenyewe wanaita langar, watu wanakaa chini mstari mmoja, bila kujali tabaka, na wanakula chakula kilekile. Kwa jamii ambayo mtu wa tabaka la juu hagusi chakula kilichopikwa na wa chini, kukaa vile chini pamoja ilikuwa ni kuvunja nyumba na kujenga upya.

Hapa nina ugomvi na wanaoandika kwamba Usikhi ni "mchanganyiko wa Uislamu na Uhindu", kama vile mtu kakoroga supu. Hapana. Nanak hakuchukua nusu huku nusu kule, alikuja na ujumbe wake, akaacha mrithi, wakafuatana maguru kumi, wakawa na maandishi yao, mji wao Amritsar, na damu yao pia: Guru Arjan aliuawa Lahore 1606 enzi za mfalme Jahangir, Guru Tegh Bahadur akakatwa kichwa Delhi 1675. 1699 mwanawe, Guru Gobind Singh, akaanzisha Khalsa, jumuiya ya Masikhi walioingizwa kwa kiapo, pale Anandpur, ndo hapo inatoka desturi ya nywele zisizokatwa, bangili ya chuma, kitana, upanga mfupi na kaptula maalumu. Hiyo ni dini kamili iliyosimama kwa miguu yake.

Lakini dini kuwa kamili ni jambo moja, na mipaka kati ya watu ni jambo lingine, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kwa karne kadhaa mkulima wa Punjab alikuwa na dini yake na bado akaenda kwenye kaburi la pir, yaani walii wa Kiislamu, kuomba mtoto. Sakhi Sarwar alikuwa sufi na Wahindu na Masikhi walimiminika kwake. Wanamuziki Waislamu, wazao wa mila ya Mardana, waliimba nyimbo takatifu ndani ya Hekalu la Dhahabu Amritsar mpaka 1947, na hakuna aliyeona ajabu. Hata koo zinaingiliana, utakuta Bajwa au Cheema au Gill Mwislamu, na Bajwa au Cheema au Gill Msikhi, babu mmoja ukirudi nyuma vya kutosha. Ranjit Singh alipotawala kutoka Lahore kuanzia 1799 alikuwa Msikhi, waziri wake wa mambo ya nje Fakir Azizuddin Mwislamu, na wa fedha Dina Nath Mhindu.

Sisemi ilikuwa pepo. Mhindu jirani mwema kabisa hakula kwenye sahani ya Mwislamu, na waliokuwa chini kabisa, wafagiaji na wasafisha vyoo, walikataliwa na karibu kila mtu, hata Masikhi wengi walisahau mafundisho ya langar linapokuja suala la hao. Ndo maana mwaka 1873 huko Sialkot mtu mmoja wa tabaka hilo anaitwa Ditt, mnunuzi wa ngozi, alipobatizwa na wamishonari akarudi kijijini kwake akaanza kuleta ndugu zake, moto ukasambaa, na Wakristo wengi wa Pakistan leo ni wazao wa wale. Mnaosoma historia ya misheni mtaona: aliyeieneza alikuwa Ditt na jamaa zake, wamishonari wenyewe walishangaa.

Basi nini kilibadilika? Waingereza walichukua Punjab 1849, wakaleta sensa. Fomu inataka jibu moja: wewe ni nani, Mhindu, Mwislamu au Msikhi? Na idadi ikaanza kuamua kazi za serikali na baadaye viti vya baraza, kwa hiyo kila kundi likataka watu wake wahesabike na wajulikane. Vikundi vya mageuzi vikazaliwa kwa kasi: Singh Sabha ya Masikhi Amritsar 1873, Arya Samaj ya Wahindu ikafika Lahore 1877, na 1889 Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, mji mdogo wa Punjab, akaanzisha Ahmadiyya upande wa Waislamu. Hii ya mwisho inatugusa sisi moja kwa moja, tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka Nairobi 1953 ni kazi ya hao Waahmadiyya, na Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyekuwa meya wa Dar es Salaam, alikuwa wa jumuiya hiyo. Masheikh wa Sunni wa pwani waliipinga vikali tafsiri ile, na ubishi uliozaliwa Punjab ukahamia kwenye baraza zetu. Arya Samaj nao wakawa wanasema Masikhi ni Wahindu tu, mpaka Kahn Singh wa Nabha akajibu 1898 kwa kijitabu chenye jina lisilohitaji maelezo, Sisi si Wahindu.

Kinachoniuma zaidi katika hadithi yote ni lugha. Wote walikuwa wanaongea Kipunjabi, nyumbani, shambani, sokoni. Ila Waingereza waliweka Kiurdu ofisini na shuleni, Waislamu wakakishika kama lugha yao, viongozi wa Kihindu wakavutia watu kwenye Kihindi, na Kipunjabi kikaachiwa Masikhi kama vile ni mali yao peke yao. Mpaka kwenye sensa za 1951 na 1961 Wahindu wengi wa Punjab ya India, watu waliobembelezwa na mama zao kwa Kipunjabi, waliandikisha Kihindi kuwa lugha ya mama. 1966 jimbo likakatwa kwa msingi wa lugha, Haryana ya Kihindi ikatoka. Na kule Pakistan mpaka leo mtoto wa Lahore anaongea Kipunjabi na bibi yake na shuleni anasoma Kiurdu na Kiingereza. Maandishi nayo yamegawanyika, mashariki Gurmukhi, magharibi herufi za Kifarsi, kwa hiyo binamu wawili wanaelewana kwenye simu lakini hawawezi kusomeana barua.

Katikati ya hayo kuna 1947. Cyril Radcliffe, mwanasheria wa Uingereza ambaye hakuwahi kufika Bara Hindi kabla, alipewa kama wiki tano kuchora mpaka, na ulitangazwa Agosti 17, siku mbili baada ya uhuru. Lahore ikaenda Pakistan, Amritsar India, ni kama kilomita 50 tu kati yake. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, wengi wao wa Punjab, na makadirio ya waliouawa yanaanzia laki mbili hadi milioni na zaidi. Treni zilifika zimejaa maiti. Mji mmoja ulipona kwa sehemu kubwa, Malerkotla, uliokuwa na nawabu, yaani mtawala, Mwislamu upande wa India, na wenyeji wanakupa sababu moja: mwanzoni mwa karne ya 18 nawabu wa wakati ule, Sher Mohammad Khan, alipinga mbele ya gavana mwenzake Mwislamu kuuawa kwa watoto wawili wadogo wa Guru Gobind Singh. Hakuwaokoa. Lakini Masikhi hawakusahau kwamba alisema.

Nanak alifariki 1539 Kartarpur, ambayo leo iko Pakistan kilomita chache tu kutoka mpakani. Mapokeo yanasema Waislamu walitaka kumzika na Wahindu kumchoma, walipofunua shuka wakakuta maua, wakagawana, ndo maana pale kuna kaburi na kuna mnara wa kumbukumbu, vyote viwili. Miaka na miaka Masikhi wa India walikuwa wanasimama mpakani wanapatazama kwa darubini. Novemba 2019 ikafunguliwa njia maalumu ya kuvuka bila viza, na Januari 2022 ndugu wawili wazee waliotenganishwa 1947, mmoja akakulia Pakistan na mwingine kijijini upande wa India, walikutana hapo hapo hekaluni. Video yao ilisambaa, labda mmeiona. Wanalia, wanashikana shingo, wanaongea kwa Kipunjabi. Mei 2025 nchi hizo mbili ziliposhambuliana, India ikafunga njia upande wake.