Kokoto chini ya ndoo, na mengine tunayodanganyana kuhusu mpilipili

Pilipili ziko shamba, wewe zakuwashiani? Aliyesema hivyo hakuyaona mapaa ya Mombasa ya leo. Kuanzia Majengo hadi Bombolulu, pilipili ziko kwenye ndoo za rangi, mitungi ya mafuta iliyokatwa shingo na madebe yaliyoanza kula kutu. Mche huanzia kwenye kikopo, ukifikisha majani sita hivi huhamishwa, na hapo ndipo kila jirani huwa na fatwa yake.

“Tia kokoto chini, maji yapite.” Hii ndiyo iliyoshika mizizi kuliko zote, na mimi mwenyewe niliifuata kwa miaka. Hebu anika leso bila kuikamua. Baada ya muda juu pameanza kukauka, lakini pindo la chini bado linatiririka. Udongo ndani ya ndoo ni vivyo hivyo: chembe zake ndogo huyang'ang'ania maji, haziyaachii yaingie kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka zishibe kabisa. Kwa hiyo tabaka lililolowa hujaliondoa, umelipandisha tu likakaribia mizizi. Mwezi wa Mei mmoja, masika yamekolea, niliipindua ndoo iliyonisumbua: juu ya kokoto tope jeusi lanuka mtaro, na mizizi ina rangi ya chai ya rangi. Kinachotakiwa ni matundu. Pasha msumari kwenye jiko la makaa, ushike kwa koleo, toboa matundu sita au manane, kisha ndoo uiinue juu ya vipande vya matofali ili sakafu isiyazibe.

“Panda kwenye chombo kikubwa moja kwa moja, usijisumbue mara mbili.” Mche wa shubiri moja una mizizi ya kujaza kikombe. Ukiutia kwenye ndoo ya lita 20, udongo mwingi unakaa na maji yasiyo na mnywaji. Kopo la lita mbili kwanza, na mizizi ikianza kuchungulia matunduni, ndipo ndoo. Pilipili kichaa hata lita 10 zaitosha.

“Mchanga wa hapa hapa ni mzuri.” Kisiwa chetu kimekalia mwamba wa matumbawe, yaani chokaa tupu, na mpilipili hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, na mwenye mche anakimbilia kuongeza mbolea! Visima vingi navyo vina chumvi. Ule ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo ndio ushahidi. Kinga maji ya mvua. Mimi huchanganya udongo mwekundu sehemu mbili, samadi iliyoiva sehemu moja na makumbi yaliyochambuliwa sehemu moja. Makumbi yaoshe kwa maji baridi mara tatu, kwani huenda yalilowekwa baharini. Samadi mbichi ya kuku huchoma mizizi, iache miezi miwili mitatu kwanza.

“Zika shina kama mnyanya.” Mnyanya huotesha mizizi shinani kwa wepesi, mpilipili ni mvivu wa kazi hiyo. Upande kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kikoponi.

“Umenyauka adhuhuri, una kiu.” Mche uliohamishwa jana mizizi yake haijashika bado, na jua la saa saba halina huruma. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, usimwage kitu, uweke kivulini siku tatu nne. Magharibi utaukuta umesimama wenyewe. Ndiyo maana napenda kuhamisha jioni. Na ndoo nyeusi ipake chokaa kwa nje, maana plastiki hiyo juani huipika mizizi.

Na hili la kutenga ndoo ya hoho mbali na ya pilipili kali, eti hoho zitawasha? Ukali hutokana na mti wenyewe uliozaa tunda, chavua ya jirani haiubadilishi. Chavua huingia kwenye mbegu tu. Hizo hoho kula bila wasiwasi. Ila ukizipanda mbegu zake, msimu ujao ndipo utakapomjua baba.