Mstari "haupo": SQL inaelewaje neno hilo?

Duka la jumla liko Kariakoo, tawi lake Mbagala, na kila upande una jedwali lake la wateja. Jioni, orodha ya Mbagala huletwa Kariakoo: waliokwishaandikwa wasiguswe, wasiokuwemo waingizwe. Huko ndiko kunakili mistari inayokosekana. Ukimwaga jedwali zima, Mama Asha ataonekana mara mbili, na deni lake mara mbili. Kwa SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, kazi hiyo huandikwa hivi:

INSERT INTO wateja_kariakoo (simu, jina)
SELECT m.simu, m.jina
FROM wateja_mbagala m
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM wateja_kariakoo k
  WHERE k.simu = m.simu);

Ni kazi ya karani mwenye madaftari mawili: kila mteja wa Mbagala, namba yake inatafutwa Kariakoo, isipokuwemo, anaandikwa. Hiyo 1 isikusumbue, kinachoulizwa ni kama mstari upo au haupo.

Ugumu uko kwenye kumtambua mteja. Kwa jina? Akina Juma wa Dar utawamaliza lini? Simu ni afadhali, ila huku imeandikwa kwa 0, kule kwa +255, na kompyuta itaona watu wawili. Sawazisha namba kwanza.

Wengi hupenda NOT IN, yaani "simu isiyo ndani ya orodha ya simu za Kariakoo", kwa sababu ni fupi. Itakubeba vizuri hadi siku mteja mmoja tu wa Kariakoo awe hana simu, yaani NULL. Siku hiyo hauingii hata mstari mmoja, wala hupewi ujumbe wa kosa. Kwa SQL, NULL ni "haijulikani". Ukiuliza kama namba fulani ni tofauti na isiyojulikana, jibu nalo ni "haijulikani", na WHERE hupitisha "ndiyo" peke yake.

NOT EXISTS haina ugonjwa huo, ina wake: mteja wa Mbagala asiye na simu ataingizwa upya kila jioni, maana NULL hailingani hata na NULL mwenzake. Ongeza AND m.simu IS NOT NULL, hao uwashughulikie kwa mkono.

Halafu weka UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwenye simu ya jedwali la Kariakoo. Namba ikijirudia ndani ya jedwali la Mbagala lenyewe, NOT EXISTS haitaizuia, UNIQUE itakataa. Kati ya programu za hifadhidata, PostgreSQL, tangu toleo la 9.5, ina ON CONFLICT DO NOTHING ya kuruka mistari kama hiyo. MySQL ina INSERT IGNORE, lakini mimi huiogopa kidogo: humeza na makosa mengine ambayo ungetaka kuyaona.