Tukisema mvua za wastani hatujasema hamtafurika

Vuli ikianza tu na simu zinaanza kwetu watu wa hali ya hewa Tanzania, "nyie si mlisema mvua za wastani, mbona maji yako sebuleni?" Kila mwaka hilohilo, na nakubali lugha yetu nayo inachangia.

Wastani ni jumla ya msimu mzima ukilinganisha na rekodi za miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Haukuambii itanyeshaje. Mvua ya mwezi ikimwagwa kwa siku mbili alafu jua likawaka, kwenye daftari bado inasomeka wastani. Mvua kubwa kwetu ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hizo saa zinaanza saa tatu asubuhi mpaka saa tatu asubuhi ya kesho yake, sio usiku wa manane, mwangalizi anamimina maji ya kipimamvua kwenye gilasi ya vipimo, anainama jicho lilingane na maji, ndo anaandika. Ndoo iliyokaa chini ya bati lako sio kipimo, samahani. Milimita 50 kwenye eka moja ni lita laki mbili na ushee.

Sasa miaka inaelekea wapi? Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kama asilimia 7, kwahiyo mawingu yakifungua yanamwaga kwelikweli. Ila nchi za joto hazifanani. Sahel, ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, ilikauka vibaya miaka ya 1970 na 1980, mvua zikarudi baadae lakini zimerudi na dhoruba kali zaidi. India ya kati mvua kali zimeongezeka tangu 1950 huku jumla ya monsuni, yaani mvua zao za msimu, ikipungua. Huku kwetu Masika ilipungua toka miaka ya 1980 mpaka karibu 2010, na Vuli inafuata Bahari ya Hindi, upande wetu ukipata joto kuliko wa Indonesia tunafurika: 1961, 1997, 2019, 2023. Kwahiyo jamani "mbona mwaka jana ilikuwa kavu" sio hoja, mwaka mmoja haupingi miaka 60.

Kingine, taarifa zetu za hali mbaya ya hewa zina rangi: Angalizo ni njano, Tahadhari ni chungwa, Tahadhari Kubwa ni nyekundu, na kila taarifa ina tarehe. Kuna watu wanachukua ya zamani wanabadili tarehe wanarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya 2019 kutoa tahadhari kwa umma bila mamlaka ni kosa, na "nilifowadi tu" usitegemee itakuokoa. Angalia tarehe kwanza.