"Ni Karatasi Tu, Fundi, Ipige Laminesheni"

Mteja wa tatu ndani ya mwezi mmoja ameingia karakana yangu ya fremu hapa Moshi na kazi ya mchongaji aliyoinunua Arusha: mkaa, wino, nta na vipande vya gazeti juu ya karatasi nene. Akaitandaza mezani: "Fundi, ipige laminesheni isiharibike, ni karatasi tu." Nilimkatalia, na wa nne nitamkatalia.

Laminesheni ni joto na plastiki yenye gundi. Joto huyeyusha nta ikasambaa juu ya wino. Roli hubonyeza kila kilichoinuka. Mkaa ukishanaswa na ile gundi, hautoki bila kung'oka na uso wa karatasi. Na mchongaji hapaki rangi kwa woga. Huparua mpaka karatasi ichubuke, huchana, hubandika tabaka juu ya tabaka, kwa mkono uleule unaoshika patasi. Imulike kazi yake kwa tochi kutoka ubavuni usiku, uone mabonde na matuta. Hayo ndiyo uliyoyalipia, na mashine inayalaza yote.

Wanaodai karatasi haidumu wamezoea gazeti, ambalo ni miti iliyosagwa na lignini yake ndani (ile inayoufanya mti kuwa mgumu), ndiyo maana jua huligeuza njano upesi. (Vile vipande vya gazeti kwenye kazi ya mteja wangu vitabadilika, sikatai; plastiki haizuii hilo, iweke mbali na dirisha.) Karatasi ya pamba isiyo na asidi, ikitunzwa, hukaa karne nyingi. Mwaka 1940 na 1941 mchongaji Henry Moore aliwachora watu waliojihifadhi na mabomu kwenye vituo vya treni chini ya ardhi London, kwa kreyoni ya nta, wino na rangi ya maji. Nta hukataa maji, kwa hiyo rangi nyeusi ilipopita juu, miili ilibaki ikitokeza gizani. Karatasi hizo zipo mpaka leo.

Wengine husema kazi ya mchongaji kwenye karatasi ni rasimu tu ya kinyago kitakachofuata. Michoro hiyo ya Moore ilikuwa kazi kamili. George Lilanga, msanii wetu wa Tanzania, alianza na uchongaji, na wengi wanamjua kwa picha zake za rangi.

Kuibandika kwenye hadibodi kwa gundi ya seremala: hapana. Ishikilie kwenye ukingo wa juu tu kwa vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga, ili ipumue na iweze kubanduliwa.

Kioo kisiiguse kazi. Masika unyevu hunaswa hapo katikati, na ukungu huanza.

Jambo moja ninalomwambia kila mteja: kata kizibo cha chupa vipande viwili, vibandike nyuma ya fremu kwenye pembe za chini. Hewa itapita kati ya fremu na ukuta mvua za Aprili zikishika.