Kasuku Hiraman na uzuri wa Padmavati: kwa nini msimulizi ni ndege

Wengi wanaosimulia kisa cha Padmavati huanzia vitani: Sultani Alauddin Khalji wa Delhi, ngome ya Chittor, malkia mzuri kupindukia. Kasuku hupewa sentensi moja, kama pambo tu. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapoharibika. Katika utenzi wenyewe, mfalme na sultani wote wawili wanampenda Padmavati kwa kusikia kabla hawajamtia machoni, na wa kwanza kunena ni ndege.

Utenzi ninaouzungumzia ni Padmavat wa Malik Muhammad Jayasi, Msufi wa Uhindi ya kaskazini, wa mwaka 1540, kwa lugha ya Kiawadhi. Kila ubeti una mistari saba yenye vina, kisha hufungwa kwa doha, mistari miwili mifupi inayokaza neno. Padmavati ni binti wa mfalme wa kisiwa cha Singhal. Wengi hukilinganisha na Sri Lanka, ingawa ndani ya utenzi ni nchi ya hekaya zaidi kuliko mahali pa kwenye ramani. Hiraman amekulia naye ndani ya jumba la wanawake, amesoma maandiko, na huzungumza naye habari za mume. Baba mtu akisikia anaamuru ndege auawe. Hiraman anapata nafasi, anarukia msituni.

Hapo Jayasi anaonyesha utegaji kwa jicho la mtu aliyewahi kuuona. Mtegaji anajificha nyuma ya ngao ya majani mabichi, anaisogeza polepole. Ndege wanashangaa kuona mti unatembea, wanaruka. Hiraman, mwenye elimu kuwapita, anabaki kwenye tawi lake. Mti wenyewe una ufito wa ncha tano, zote zimepakwa ulimbo. Mabawa yananata, anatiwa kapuni pamoja na ndege wa kawaida, anapelekwa sokoni. Usilipite tukio hili haraka: linaeleza kwa nini msomi huyu ana hofu ya kudumu. Baadaye anazitaja pete mbili za shingoni mwake, nyekundu na nyeusi, kana kwamba ni vitanzi viwili vinavyomtisha. Ukichora picha, basi, usimchore kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo. Huyu ni wa kijani, mkia mrefu, mwenye pete shingoni.

Brahmana mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, anamnunua na kumpeleka Chittor, na Mfalme Ratansen wa huko anatoa laki moja kumpata. Siku mfalme yuko mawindoni, mke wake Nagmati anajipamba, anashika kioo, anamuuliza kasuku kama kuna mzuri kumshinda. Hiraman anacheka. Anajibu kwamba ziwa lisilofikiwa na bata-maji mweupe, huko yangeyange ndiye huitwa bata-maji. Nagmati anamkabidhi kwa mtumishi wa kike akauawe. Yule mama, akijua mfalme anavyompenda ndege huyu, anamficha. Mfalme anarudi, anadai kasuku wake, na sasa anataka kusikia kile kilichomkasirisha mkewe.

Sifa zinazofuata zina utaratibu wake, na anayezisimulia bila kuufuata huzichafua. Washairi wa Kihindi wana desturi ya kusifu mwili kiungo kwa kiungo. Hiraman anaanzia juu: nywele nyeusi zenye harufu ya miski, mstari unaozigawa, paji la uso, nyusi kama upinde, macho, kope kama mishale, pua, midomo, meno, na kuendelea kushuka. Akifika puani anasema kasuku mwenyewe aliiona akaona haya. Mdomo wa kasuku ndio mfano wa kawaida wa pua nzuri katika ushairi huo, na hapa anayetoa mfano ndiye mwenye mdomo. Mstari huo ukiusoma mbele ya watu, nyamaza kidogo baada yake. Ukiupitisha mbiombio utani unapotea.

Ratansen anazimia. Akizinduka anaacha ufalme, anajipaka majivu, anaondoka kama yogi, mtawa wa Kihindu, na wana wa wafalme 16,000 nyuma yake, kasuku akiwa kiongozi wa njia. Anapomwona Padmavati hekaluni anazimia tena, naye Padmavati anamwandikia kifuani kwa liwa ya msandali kwamba saa ya kupokea sadaka ilipofika, yogi alikuwa amelala.

Sasa linganisha. Miaka inapita, Padmavati ameolewa na Ratansen na yuko Chittor, na Brahmana aliyefukuzwa, Raghav Chetan, anakwenda Delhi kumsifia Alauddin malkia yuleyule. Yeye huanza kwa kupanga wanawake aina nne, padmini akiwa wa juu, na anatumia hesabu ya nne mara nne: virefu vinne (nywele, vidole, macho, shingo), vidogo vinne, vilivyojaa vinne, vyembamba vinne. Sultani naye anazimia. Lakini huyu anapeleka jeshi. Sifa zinakaribiana sana. Tofauti iko kwa msemaji. Kasuku alimwelekeza msikilizaji kwenye safari ya kujinyima, Raghav anauza habari kwa kinyongo. Kwa hiyo ukifupisha hotuba moja na kuacha nyingine, umevunja mizani ya utenzi mzima. Bora uzifupishe zote mbili kwa kipimo kimoja.

Kuhusu historia: Alauddin aliiteka Chittor kweli, mwaka 1303, na mshairi Amir Khusrau alikuwa kwenye msafara huo. Katika maelezo yake hamtaji Padmavati, wala kwa jina lake jingine, Padmini. Anachokitaja kwa fumbo ni ndege hudihudi wa Nabii Sulaiman, yule wa Surat An-Naml aliyeleta habari za mwanamke mwenye kiti kikuu cha enzi. Wapo waliodai fumbo hilo linamhusu malkia wa Chittor. Mimi sikubali: Khusrau alikuwa akimsifu bwana wake, Alauddin, kama Sulaiman, na Sulaiman hakosi hudihudi. Jayasi alitunga zaidi ya miaka 230 baada ya vita hivyo.

Kosa la mwisho ndilo la kawaida kuliko yote, kumwacha ndege wa pili. Wakati Ratansen yuko Singhal, Nagmati analia miezi kumi na miwili, kila mwezi na majira yake, mvua, baridi, joto. Usiku wa manane ndege mmoja asiye na jina anamuuliza kwa nini halali. Anapokea ujumbe wake, anavuka bahari, anautoa juu ya mti ambapo mfalme anausikia. Bila ndege huyu Ratansen hana sababu ya kurudi Chittor, na Nagmati anabaki mke mwenye wivu tu, hali Jayasi alimpa baadhi ya beti zenye uchungu kuliko zote.