Maana ya kipanya kuunganishwa na kompyuta, na jinsi ya kutafuta hitilafu yake

Kipanya huhesabiwa kuwa kimeunganishwa na kompyuta pale mambo matatu yanapotimia: kipanya kimepata umeme, kompyuta imekitambua na kukubali kukisikiliza, na mwendo wa mkono mezani unafika kwenye skrini bila kupotoka. Kuchomeka plagi ni hatua ya kuanzia tu, wala hakuhakikishi lolote kati ya hayo matatu. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu watu wengi hununua kipanya kipya kabla ya kujua cha zamani kilikwama katika hatua ipi, na mara nyingi kile kipya nacho hugoma palepale kilipogomea cha kwanza.

Katika saiba, yaani vibanda vya kompyuta na intaneti, za Kisumu, Kakamega na Nakuru nchini Kenya jambo hili lina uzito wake. Wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapopanga foleni ili kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 kupita, kompyuta moja isiyotumika kwa sababu ya kipanya huwarudisha nyumbani wateja kadhaa bila kuhudumiwa. Mhudumu anayeambiwa kwamba kipanya kimekufa hajapewa habari ya kumsaidia, kwani kipanya kilichokosa umeme, kipanya kisichotambuliwa na kipanya chenye jicho (lenzi ya tumboni inayosoma meza) chafu vyote huonekana vimekufa machoni pa mteja, ilhali kila kimoja kina dawa yake.

Kabla ya kukigusa kipanya chenyewe, ni vyema kuhakikisha kwamba kompyuta haijakwama. Bonyeza kitufe cha Caps Lock au Num Lock kwenye kibodi na uangalie kama taa yake inawaka na kuzimika. Ikiwa taa haibadiliki na hata kibodi haifanyi kazi, kuna uwezekano mkubwa kuwa kompyuta yenyewe ndiyo iliyoganda, na kipanya hakina kosa. Ikiwa kibodi inaitika, basi kazi ya mteja inaweza kuokolewa hata kabla kipanya hakijarekebishwa: Tab humpeleka mtu kutoka kisanduku kimoja cha fomu hadi kingine, Shift pamoja na Tab humrudisha nyuma, kitufe cha nafasi huweka alama katika kisanduku cha kuchagua, na Enter hukubali. Katika Windows, kubonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja huleta swali la kuruhusu namba zilizo upande wa kulia wa kibodi kusogeza kishale badala ya kipanya. Ningependa kila mhudumu wa saiba ayajue haya kwa moyo, kwa sababu fomu iliyojazwa nusu haipaswi kupotea kwa sababu ya kifaa kidogo kama hiki.

Sasa tuje kwenye umeme. Kebo ya kawaida ya kipanya cha USB ina nyaya nne: mbili hupitisha umeme wa volti 5, na mbili hupitisha data. Vipanya vingi vya mwanga huwa na taa nyekundu tumboni, na taa hiyo ikiwaka ni ushahidi kwamba umeme umefika. Haithibitishi kwamba data nayo inapita, maana waya mmoja wa data unaweza kukatika huku nyaya za umeme zikiwa nzima, na matokeo yake ni kipanya kinachong'aa vizuri lakini hakisogezi chochote. Vilevile si kila kipanya kina taa inayoonekana. Vinavyotumia leza au mwanga usioonekana kwa macho huonekana vyeusi tumboni hata vikiwa vizima kabisa. Kebo kwa kawaida hukatikia mahali inapopinda sana, yaani inapoingia kwenye mwili wa kipanya au inapotokea kwenye plagi, hasa pale watu wanapoizungushia kipanya kwa nguvu wakati wa kukihifadhi. Shika kebo karibu na sehemu hizo na uipinde polepole huku ukiangalia taa na kishale. Taa au kishale kikija na kupotea kadiri unavyoipinda, umepata ugonjwa.

Hatua ya utambulisho ndiyo watu wasiyoifahamu, nayo inastahili maelezo zaidi. Kipanya kinapochomekwa, huinua kiwango cha umeme kwenye mmoja wa nyaya zake za data, na kwa ishara hiyo kompyuta hujua kwamba kuna kifaa kipya na kwamba ni cha mwendo wa polepole au wa kasi. Kompyuta hukiuliza ni nani. Kipanya hutoa namba ya mtengenezaji wake, namba ya bidhaa, na jina la kundi lake, ambalo ni kundi la vifaa vinavyotumiwa moja kwa moja na mkono wa binadamu, kama vile kibodi na vipanya. Kwa kuwa kundi hilo lina kanuni zilizokubaliwa na watengenezaji wote, Windows, macOS na Linux tayari zina programu ya kukiendesha. Hii ndiyo sababu kipanya kilichonunuliwa mtaani bila pakiti wala maelekezo hufanya kazi ndani ya sekunde chache kwenye kompyuta ambayo haijawahi kukiona. Baada ya utambulisho, kompyuta ndiyo huuliza kila mara kama kuna mwendo, kwa kawaida mara 125 kwa sekunde katika vipanya vya kawaida, nacho kipanya hujibu kinapoulizwa tu, kama mwanafunzi anayeitika jina lake likitajwa na mwalimu.

Kutokana na hayo, ushauri wa kutafuta draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, kwenye intaneti kila kipanya kinapogoma sikubaliani nao. Kipanya cha kawaida hakiihitaji, isipokuwa pale mtu anapotaka kupanga vitufe vya ziada au taa za mapambo, na hata hapo aichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee. Kurasa nyingi zinazoahidi kurekebisha draiva kwa kubofya mara moja huingiza programu zisizotakiwa, na kompyuta ya saiba hupitiwa na nywila za watu wengi kwa siku.

Kinachofaa zaidi ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati na kutazama kinachotokea. Anza na tundu. Kwenye kompyuta za mezani, matundu ya mbele huunganishwa na bodi kuu kwa kebo iliyo ndani ya kasha, na kebo hiyo huweza kulegea. Matundu ya nyuma yako kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo hayo ndiyo ya kuaminiwa unapofanya jaribio. Ikiwa kipanya kilipitia kigawanyaji chenye matundu mengi, kiondoe hapo na ukichomeke moja kwa moja. Tundu la USB 2.0 huweza kutoa hadi miliampea 500, nacho kipanya cha kebo huhitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini kigawanyaji kisicho na umeme wake hugawa kiasi hichohicho kwa vyote vilivyochomekwa, na diski ya nje inaweza kukimaliza. Kisha peleka kipanya kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, hitilafu iko kwenye kompyuta ya kwanza. Kikigoma huko pia, hitilafu imo ndani ya kipanya. Hakuna jaribio lenye jibu la wazi kuliko hili, na katika maabara ya shule au saiba yenye kompyuta kadhaa halina gharama yoyote.

Zipo kompyuta za zamani ambazo bado zina soketi ya duara yenye pini 6, iliyoanza na kompyuta za IBM za PS/2 mwaka 1987. Rangi ya kijani ni ya kipanya na ya zambarau ni ya kibodi. Soketi hizi hazikubuniwa kwa kuchomeka na kuchomoa kifaa wakati kompyuta inafanya kazi: zima kompyuta, chomeka, kisha uiwashe, vinginevyo kipanya huenda kisitambuliwe. Angalia pia kama pini imepinda, kwani mtu akilazimisha plagi kwa pembe isiyo sahihi pini hulala.

Vipanya visivyo na waya vina mambo yao. Vile vinavyokuja na kipokezi kidogo cha USB hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na kila kipanya huoanishwa na kipokezi chake tangu kiwandani. Katika ofisi zenye vipanya vingi vya aina moja, vipokezi huchanganyika wakati wa kufagia au kuhamisha meza, na ghafla vipanya vizima kabisa vinaonekana vibovu. Baadhi ya watengenezaji hutoa programu ya kuoanisha upya, lakini vipanya vingi vya bei nafuu havina njia hiyo, kwa hiyo kuweka alama ya rangi moja kwenye kipanya na kipokezi chake siku ya kwanza ni kazi ndogo yenye faida kubwa. Kipokezi cha kipanya kipya mara nyingi hufichwa ndani ya nafasi ya betri, na wengi hurudi dukani kukidai bila kufungua kifuniko hicho. Angalia pia swichi iliyo tumboni, na kama betri imewekwa kwa mwelekeo sahihi.

Ikiwa kipanya kisicho na waya kinaruka au kuchelewa ilhali betri ni mpya, chunguza jirani zake. Matundu ya USB 3.0, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, pamoja na diski zinazoyatumia, hutoa kelele ya redio katika masafa ya karibu na gigahezi 2.4; kampuni ya Intel ilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 2012. Hamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2.0 lililo mbali na diski, au tumia kebo fupi ya kurefusha ili kipokezi kikae mezani karibu na mkono badala ya kujificha nyuma ya kasha la chuma. Vipanya vya Bluetooth havihitaji kipokezi ikiwa kompyuta ina Bluetooth yake, ila lazima vioanishwe kwenye mipangilio. Kipanya kilichooanishwa na laptopu ya nyumbani Nakuru kinaweza kuendelea kuitafuta hiyohiyo hata kikiwa katika darasa Maseno, mpaka mwenyewe akiweke katika hali ya kuoanishwa upya.

Inabaki hatua ya mwendo. Kipanya cha kwanza, kilichotengenezwa na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa na kasha la mbao na magurudumu mawili. Baadaye ilikuja gololi inayosukuma rola ndogo ndani, na anayekutana na kipanya cha gololi bado atahitaji kuondoa uchafu ulioganda kwenye rola hizo. Vipanya vya leo hutumia kamera ndogo sana inayopiga picha za uso wa meza mara nyingi mno kwa sekunde; IntelliMouse Explorer ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1999, ilipiga picha 1500 kwa sekunde. Kipanya hulinganisha picha moja na inayofuata, na kutokana na jinsi mikwaruzo na nyuzi za uso wa meza zilivyohama, hujua mkono umekwenda wapi na kwa umbali gani.

Anayeelewa hilo ataelewa mara moja kwa nini kishale hutangatanga kwenye meza ya kioo, au kwenye meza iliyotandikwa nailoni inayong'aa. Kioo safi hakina alama ambazo kamera ingeweza kuzilinganisha. Karatasi ya kawaida ikiwekwa chini ya kipanya hutosha kulithibitisha hilo papo hapo. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, vumbi la barabara huingia kila mahali, na uzi mmoja wa kitambaa au unywele uliokaa kwenye jicho la kipanya hufanya kishale kitetemeke bila kuguswa. Chomoa kipanya, kigeuze, kisha usafishe jicho kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, bila kukwaruza. Safisha pia miguu yake ya plastiki, kwa sababu utando wa uchafu unaojikusanya hapo huinua jicho mbali na meza.

Tatizo la mwisho linalostahili kutajwa si la muunganisho, ingawa mara nyingi hudhaniwa hivyo: ubofyaji mmoja kugeuka kuwa miwili, au faili unayoiburuta kudondoka njiani. Chini ya kitufe kuna swichi ndogo yenye bamba la chuma linalogusa na kuachia. Bamba hilo huchakaa, na badala ya kugusa mara moja hugusagusa. Hakuna tundu wala mipangilio itakayoliponya kabisa. Fundi wa simu mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kuing'oa swichi hiyo na kuweka nyingine kutoka kwenye kipanya kilichokwisha kazi, na swichi ya kitufe cha kulia cha kipanya hichohicho, ambayo huwa imetumika kidogo sana, mara nyingi hufaa kuhamishiwa kushoto. Kebo iliyokatika nayo hukatwa palipoharibika na kuungwa upya, ila fundi afuate mpangilio wa nyaya kwenye bodi ya kipanya hicho na asitegemee rangi peke yake, kwa sababu si viwanda vyote vinavyofuata utaratibu wa kawaida wa nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa ardhi, na nyeupe na kijani kwa data.