Friji ya pikapu ikizimika usiku, usikimbilie kununua betri

Jumatatu asubuhi amekuja mteja na Hilux ya milango minne, kanopi nyuma, hema juu ya paa, droo za mbao zilizopigwa vanishi vizuri. Kazi yote ameifanya mwenyewe nyumbani kwake Mbezi, wikendi baada ya wikendi, na mbao zake nimezisifu kwa dhati. Hajazima hata injini, ameshaniambia: "Fundi, betri imekufa tena."

Hiyo "tena" ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa betri ya tatu. Alianza na N70, betri ya kawaida ya kuwashia gari, akaenda kwenye betri ya sola ya ampea-saa 100, sasa ana ya ampea-saa 150, na friji bado inazimika saa nane za usiku akiwa Mikumi, nyama zinaharibika. Nikaipima ile ya 150: nzima. Nikamwomba alete zile mbili alizoziweka stoo, nikazijaza na kuzipima kwa siku mbili. Ya ampea-saa 100 nzima kabisa. Ya N70 imechoka, na hiyo ilikuwa na sababu yake nitakayoieleza. Friji yake ilikuwa ikizimwa na waya.

Nafanya umeme wa magari hapa Tabata, na kila ikikaribia Pasaka au Desemba watu wanapojiandaa na safari, nasikia jambo hilohilo: friji ikizimika, betri ni ndogo au imekufa, nunua kubwa zaidi. Watu wanamwaga laki kadhaa kutibu ugonjwa ambao hawana. Naomba tulimalize.

Kila waya una ukinzani. Umeme ukipita, volti kadhaa zinabaki njiani. Nyumbani kwenye volti 230, ukipoteza volti moja huoni kitu. Kwenye gari la volti 12 hiyo moja ndiyo inayoamua kama maziwa yatalala baridi au yatachacha. Friji hizi za kompresa zina kinga ndani yake: volti zikishuka chini ya kiwango fulani, kati ya 10 na 12 kutegemea aina na jinsi ulivyoipanga, inajizima ili isikumalizie betri. Ila friji haioni betri yako. Inaona volti zilizofika kwenye plagi yake tu.

Sasa tupige hesabu ya gari la huyu bwana. Kutoka betri iliyoko mbele, kupita chini ya gari hadi kwenye kanopi, ni kama mita 6. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Yeye alitumia waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa, kwa sababu ulibaki alipojenga. Waya wa shaba wa 1.5 kwa mita 12 una ukinzani wa takribani omu 0.14. Friji ikivuta ampea 5, volti 0.7 zinabaki njiani. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo, na upotevu unapanda nao. Nilipopima friji ikiwa inafanya kazi, kwenye betri nilipata 12.4, kwenye plagi ya friji 11.2. Volti 1.2 zimepotea. Kati ya hizo 0.7 ni waya, zilizobaki ni soketi na ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari.

Waya hasi aliurudisha hadi mbele, kisha akaufunga kwenye bodi kwa skrubu ya bati juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, ndugu zangu. Na hapa Dar, gari linalovuka pantoni kwenda Kigamboni au kulala ufukweni Bagamoyo, chumvi ikishaingia kwenye skrubu hiyo, miezi sita ni mingi. Kwangua rangi hadi bati ling'ae, funga kwa bolti na nati, kisha paka grisi juu yake. Kama unaweza, achana na bodi kabisa: vuta waya hasi unene uleule hadi kwenye betri. Soketi ya kuwashia sigara nayo iondoe. Haikutengenezwa kushika plagi kwa usiku mzima huku gari likirukaruka kwenye barabara ya vumbi, na ukiigusa ukakuta ina moto, hizo ni volti zako zinaungua hapo.

Kuna dalili mbili ambazo watu huzisoma kinyume. Ya kwanza: "Injini ikiwaka friji inafanya kazi vizuri, nikizima tu inakufa, kwa hiyo betri mbovu." Hapana. Injini ikiwaka, alteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inatoa volti 14 hivi. Toa 1.2 njiani, friji inapata karibu 13 na inaridhika. Ukizima injini unabaki na 12 na kitu, toa 1.2, friji inakata. Ya pili: friji inawaka, inazima, inawaka, inazima kila dakika chache. Ikizima, umeme haupiti tena, upotevu unatoweka, volti kwenye plagi zinapanda, friji inadhani mambo yamekaa sawa na inajaribu tena. Betri iliyokwisha kweli haina nguvu ya kuinuka namna hiyo usiku kucha. Ukiona mchezo huo, anza kutafuta kwenye waya.

Na wale wanaoniambia "nilinunua lithiamu tatizo likaisha" wanasema kweli, ila hawajui kwa nini. Lithiamu ya kisasa hukaa kwenye volti 13 hivi kwa muda mwingi wa matumizi, kwa hiyo hata ukipoteza moja njiani friji inapona. Umelipa pesa nyingi kuficha waya wa bei ya chakula cha mchana, na volti zenyewe bado zinapotea chini ya gari.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua mita. Hata ile ya bei ndogo ya Kariakoo inatosha. Weka friji kwenye baridi kali ili kompresa iwake. Pima kwenye temino za betri, andika. Pima kwenye plagi ya friji, mwisho kabisa wa waya, friji ikiwa bado inafanya kazi, andika. Toa moja kwa nyingine. Ikizidi nusu volti, usinunue betri. Kupima waya friji ikiwa imezimwa hakukuambii lolote, kwa sababu pasipo umeme kupita hakuna kinachopotea, na ndivyo mafundi wengi wanavyopima kisha wanakwambia waya mzima.

Unene gani? Kwa friji peke yake kwa umbali huo, mimi siendi chini ya milimita 6 za mraba. Upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.2. Usitumie waya wa nyumba wenye nyuzi chache nene, kwa sababu mtikisiko wa gari unazikata moja moja ndani ya mpira bila wewe kuona. Taka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Na ukifika dukani, kwangua ncha kwa kisu. Ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na ncha zake huoza haraka kwenye hewa yetu ya pwani. Mrudishie mwenye duka. Nimeshafungua magari mengi yenye waya mnene wa kupendeza ambao ndani ni alumini.

Kama una betri ya pili iliyofungwa nyuma, waya wa kuichajia ni habari nyingine. Hapo zinapita ampea 20, 30, wakati mwingine zaidi. Kwa umbali uleule, waya wa 6 unapoteza volti 0.7 kwa ampea 20. Alteneta inatoa 14.2, betri inapata 13.5, wakati betri ya asidi inahitaji karibu 14.4 ili ijae vizuri. Ni kweli kadiri inavyojaa umeme unapungua na upotevu nao unapungua, lakini safari ya Dar hadi Morogoro haikusubiri. Unafika kambini na betri isiyojaa, unaimaliza usiku, kesho hivyohivyo, na salfeti, chumvi ya risasi, inaganda kwenye sahani za ndani ya betri. Weka waya wa 16. Bora zaidi, funga chaja ya DC-DC karibu na betri ya nyuma, itakayopandisha volti yenyewe. Kwa magari mapya ambayo kompyuta hushusha chaji ya alteneta, na kwa lithiamu yoyote, hiyo chaja nailazimisha. Lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja inaweza kuvuta umeme mwingi hadi ikaichemsha alteneta.

Hapo nafika kwenye fyuzi, maana nusu ya kazi ninazofungua hazina. "Friji ina fyuzi yake ndani, inatosha." Fyuzi inalinda waya. Kama iko mwishoni, mita 6 zote za waya chini ya gari zinalindwa na nini? Siku waya ukisuguka kwenye chasisi hadi mpira ukatoboka, betri itamwaga mamia ya ampea hapo, na gari linaungua wewe ukiwa umelala juu yake. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka temino chanya. Ukiwa na betri mbili, weka fyuzi kila upande wa waya unaoziunganisha, kwa sababu waya huo unalishwa kutoka pande zote mbili. Na fyuzi ikikatika mara mbili, usiongeze kubwa. Tafuta kinachoikata.

Sasa ile N70 iliyochoka. "Betri ni betri tu, zote volti 12." Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba nyingi, za kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache na kurudishiwa chaji papo hapo. Ukiimaliza hadi chini mara kadhaa imekwisha. Ya sola au ya jeli ina sahani nene na inavumilia kushushwa hadi nusu mara mamia. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 imefika nusu, hapo simama. Usiifunge chini ya boneti kama una nafasi nyuma, kwa sababu kila nyuzi joto 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha yake takribani kwa nusu, na Dar tunaanzia 30 kabla hata ya kuwasha injini. Ikiwa ya maji, ikae mahali penye tundu la hewa, maana ikichajiwa hutoa haidrojeni.

Mengine kwa haraka.

Paneli ya sola. Chukua futi kabla ya kusoma stika. Paneli nzuri ya mita moja ya mraba inatoa kama wati 200. Hiyo ndogo kama trei ya chai iliyoandikwa 300 haiwezekani. Kuhusu kuiinamisha, usihangaike: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita juu yetu, paneli iliyolala bapa kwenye paa inafanya kazi yake. Hangaika na kivuli. Tawi moja la mwembe likikatiza paneli linaweza kukuondolea sehemu kubwa ya umeme wake.

Silikoni ya bafuni. Masika yakianza wote wanakuja na kanopi zinazovuja, zimepakwa silikoni tabaka juu ya tabaka. Ile inayonuka siki ina asidi inayokula alumini na bati, na ikishakauka ni vigumu kitu kingine kuishika vizuri, hata silikoni mpya. Kwangua yote. Tumia gundi ya poliyurethani, jamii ya ile ya kubandikia vioo vya mbele, na uiweke chini ya reli kabla hujakaza skrubu. Kisha uhakikishe kweli ni mvua. Watu wawili wakilala ndani wamefunga kila tundu, asubuhi dari inatona kwa pumzi zao wenyewe.

"Nimeongeza springi nyuma, sasa nabeba." Umeinua mkia wa gari. Ekseli, chasisi, tairi na breki ni zilezile, na uzito wa mwisho ulioandikwa na kiwanda haujabadilika. Maji lita 80 ni kilo 80, hema la paa karibu 60, betri, droo, watu wanne. Soma tairi: namba 112 baada ya saizi ina maana kila moja inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo kamili. Lipime gari kwenye mizani limejaa kabla ya kushuka nalo mteremko wa Kitonga.

Gesi. Wengi hufungua dirisha la juu na kujiona salama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, pale unapolaza godoro. Tundu la kutolea hewa liwe chini kabisa, kwenye sakafu ya boksi la mtungi, litoke nje. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya kanopi hata kama limebaki majivu, hata kama nje kuna mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu na haikuamshi.

Mwisho, ukiniletea gari, lilete kama lilivyolala kambini: friji ndani, imewaka, kila waya mahali pake. Wengi hunijia na betri peke yake kwenye buti ya teksi, na siwezi kupima waya uliobaki Mbezi.